Duka chini, nyumba juu: nijenge ghorofa ngapi kwenye ploti ya futi 40 kwa 80?

*"Mimi ni mwalimu mstaafu na mjane. Nina ploti ya futi 40 kwa 80 Kayole, mbele inatazama barabara ya lami upande wa magharibi. Kwa sasa ina vyumba kumi vya mabati. Mwanangu amepata kontrakta anayetaka tujenge ghorofa nane: maduka manane chini, bedsita na vyumba vya singo juu, tujaze ploti yote hadi mpakani na kuacha vishimo vya mwanga vya mita moja. Ghorofa ya kwanza tuipangishe kanisa. Duka la pembeni tayari limepata mtu wa baa, na analipa vizuri. Mimi mwenyewe nitaishi hapo hapo. Jirani ananitisha kwamba nyumba yenye maduka chini huwa dhaifu, ndizo hizi zinazoanguka. Tena tangu wachimbe mtaro wa kuangalia udongo kando ya ukuta wake, ukuta umepata ufa. Je, nikubali mchoro huu? Nijenge ghorofa ngapi? Na kwa magoti yangu haya, nikae ghorofa gani?"*

Mwalimu, shikamoo. Umeutaja ufa wa jirani kama jambo la kupitia tu, lakini mimi ndio ulionifanya niiweke kalamu chini. Nitaanza nao.

Simamisha uchimbaji leo. Msingi wa ukuta haukai juu ya udongo wa chini yake tu, hushikwa pia na udongo wa ubavuni. Uzito wa ukuta ukishuka hutawanyika, na ukichota ubavu, udongo uliobanwa chini ya msingi hupata pa kukimbilia, yaani shimoni mwako. Ukuta huufuata. Sehemu kubwa ya Eastlands, upande wenu huu wa mashariki ya Nairobi, ina udongo mweusi ambao mafundi huuita blakikotoni. Huo hunywa maji ukavimba, kisha hukauka ukanywea na kupasuka nyufa ambazo mkono unaingia. Mtaro ulio wazi huukausha kwa jua na kuulowesha kwa mvua, kwa hiyo msingi wa jirani unasukumwa na kuachiliwa zamu kwa zamu. Ufunikeni mtaro usiingie maji, lori lisiegeshwe wala kokoto zisirundikwe kando yake, na mhandisi wa miundo aje auone wiki hii. Wakati mnamsubiri, chukua penseli uweke alama kwenye ncha mbili za ufa na uandike tarehe. Ukipita alama, au mlango wa jirani ukianza kukwama, familia hiyo isilale humo. Huko mbele, mtakapochimba msingi kwenye mpaka huo, mchimbe vipande vifupi vya mita moja hivi vinavyoachana, kipande kimoja kijazwe zege kabla kinachofuata hakijafunguliwa. Kazi huchelewa, lakini ni nafuu kuliko kumjengea jirani ukuta mpya.

Sasa tuje kwenye mchoro. Nikikusoma vizuri, mambo matatu yamechanganyika: unaogopa nyumba kuanguka, unaogopa kuishi mahali pasipokalika, na hutaki kumvunja moyo kijana aliyekuletea mpango wenye hesabu nzuri ya kodi. La tatu hilo nakuachia mwenyewe. Mawili ya kwanza yana majibu, na yote mawili yanategemea swali ambalo kontrakta hakukuuliza kabla ya kuchora: nani hasa atakaa chini?

Jirani yako amekosea, ingawa hakosi sababu ya kuogopa. Duka chini na nyumba juu ni mpango wa zamani kuliko sisi sote. Maduka ya kwanza ya mtaa wa Bazaar, ambao leo ni Biashara Street, yalikuwa ya Wahindi waliouza mbele na kuishi nyuma au juu. Tembea River Road utazame juu ya vibao vya maduka, utaona madirisha ya vyumba ambavyo familia zililala miaka mingi bila jengo kutikisika. Ukitazama kwa jicho la anayelala, ghorofa ya chini ndiyo mbaya kuliko zote: ina vumbi, ina honi za matatu, mwanga ni kidogo, na kila apitaye anachungulia. Ukitazama kwa jicho la anayeuza, ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu mteja hapandi ngazi kufuata mkate. Kwa hiyo kuweka duka pale hakukunyimi chumba cha maana.

Udhaifu unatoka kwingine. Vyumba vya juu vina kuta nyingi zinazosaidiana, lakini duka linataka uwazi, basi kuta za chini huondolewa zikabaki nguzo tupu. Tena duka hutaka dari ya juu zaidi. Hapo ndipo hesabu inapouma: nguzo ya mita 3.5, yenye unene uleule na nguzo ya mita 2.8 iliyo juu yake, ina nusu tu ya ukakamavu wa mwenzake inaposukumwa pembeni. Utakuwa na sanduku gumu lililosimama juu ya miguu laini. Tusijidanganye kwamba Kenya haina matetemeko. Mwaka 1928 tetemeko la Subukia lilifika kipimo cha 6.9, na Bonde la Ufa halijahama. Dawa inajulikana: nguzo za chini ziwe nene kuliko za juu, na sehemu ya ngazi izungukwe na kuta za zege kutoka msingi hadi paa ziwe uti wa mgongo. Kazi hiyo ni ya mhandisi, si ya fundi, hata awe amejenga nyumba mia.

Jambo la pili ni nguzo na kuta zisizopangana. Ukuta wa mawe ya Ndarugo wenye unene wa milimita 200, ukipanda kufikia dari, una uzito wa zaidi ya tani moja kwa kila mita ya urefu wake. Kama chini yake kuna bimu inayokwenda kwenye nguzo, sawa. Lakini mara nyingi mtu huchora maduka kwa vipimo vyake, kisha huchora vyumba kwa vipimo vyake, na ukuta wa ghorofa ya pili hujikuta umesimama katikati ya slabu kama mgeni asiyepewa kiti. Mwambie mwanao auweke mchoro wa chini na wa juu kwenye kioo cha dirisha, mmoja juu ya mwingine, atazame mistari. Isipolala pamoja, aulize kwa nini, tena aulize mbele ya mhandisi.

La tatu ndilo hili la kanisa, na hapa nitakaa kidogo, maana Nairobi tumelizoea mno. Mhandisi anapohesabu slabu ya nyumba ya kuishi, hukadiria mzigo wa watu na vyombo vyao kuwa kilo 150 hivi kwa kila mita mraba. Kwa duka la kawaida hukadiria kilo 400. Ukumbi wa watu kukusanyika, ambapo viti huondolewa na waumini wakaruka kwa sifa, huhesabiwa kilo 500. Kwa ghala hesabu hupanda kadiri bidhaa zinavyorundikwa, kama kilo 240 kwa kila mita ya urefu, na mifuko ya simiti huvuka hapo upesi. Kwa hiyo slabu iliyochorwa kwa ajili ya bedsita, ukiipangisha kanisa au jimu, umeidai zaidi ya mara tatu ya ilichoahidi. Huenda isianguke, kwa kuwa wahandisi huongeza akiba ya usalama. Lakini akiba hiyo iliwekwa kwa ajili ya mchanga mbaya na fundi aliyezidisha maji kwenye zege, nawe utakuwa umeshaila yote kabla hivyo havijafika. Kama kanisa ni lazima, liandikwe kwenye mchoro sasa, kabla ya chuma kununuliwa. Kuliingiza baadaye ndiko kunakoua.

Sote tunakumbuka mtaa wa Huruma, Aprili 2016. Jengo la ghorofa sita karibu na mto liliporomoka usiku wa mvua na kuzika watu wapatao 50. Maduka siyo yaliyoliangusha. Majengo ya namna hiyo huangushwa na mambo yanayorundikana: eneo lenye maji, zege dhaifu, ghorofa zilizoongezwa juu ya msingi ambao haukuzitarajia, na idhini ambazo hazipo. Moja peke yake huenda jengo lingelivumilia.

Nyumba ikishasimama imara, bado kuna swali la kama inakalika. Mchoro wa kontrakta wako naujua hata bila kuuona, kwa sababu umejengwa mtaa wa Pipeline wote: korido katikati, vyumba pande mbili, na kishimo cha mita moja kutoka paa hadi chini kinachoitwa cha mwanga. Ghorofa nane ni kama mita 22 kwenda chini. Fikiria mwenyewe ukisimama ndani ya kisima cha upana wa mita moja na kina cha mita 22. Mbingu unaiona kwa kuvunja shingo. Jua letu hupita karibu utosini mwezi wa Machi na Septemba, kwa hiyo litachungulia chini dakika chache za adhuhuri, kisha basi. Mwanga mwingine wote unaofika chini hufika kwa kudunda ukutani. Rangi nyeupe hurudisha kama asilimia 80 ya mwanga unaoigonga, na simiti tupu kama theluthi moja tu. Baada ya kudunda mara tano, ukuta mweupe umebakiza theluthi ya mwanga wake. Simiti tupu haijabakiza hata nusu ya asilimia moja. Kwa hiyo taa zitawaka saa sita mchana, na tokeni inalipwa na mpangaji hadi siku atakapopata chumba chenye dirisha la kweli. (Kama tayari una jengo la namna hii, au unakaa ndani ya moja, ushauri wa bei rahisi kuliko wote ninaoujua ni kupaka hicho kishimo chokaa nyeupe kila baada ya miaka michache. Ajabu ni kwamba hakuna anayefanya.)

Hewa ndiyo nzito zaidi. Chumba chenye dirisha upande mmoja tu, tena linalotazama kishimo, hakipumui. Hewa hutaka pa kuingilia na pa kutokea. Kifua kikuu huenezwa kwa hewa, na hupenda sana chumba cha watu wanne kisichobadilishwa hewa. Mwezi wa Julai wapangaji wataingiza jiko la makaa ndani, na moshi wake mbaya ni ule usioonekana wala kunukia. Halafu kishimo hicho hicho kitatumika na madirisha ya vyoo na ya majiko, kwa hiyo harufu ya ghorofa ya pili itapanda ikala chakula cha jioni na ghorofa ya sita.

Ningekushauri uchukue vishimo vyote hivyo uvikusanye viwe ua mmoja katikati ya jengo. Nyumba za mawe za Lamu zinao, huitwa kiwanda, na waliozijenga hawakuwa na ardhi ya kuchezea. Ua wa mita 4 kwa 6 utakula mita mraba 24, yaani kama vyumba vitatu vya singo kwenye kila ghorofa, ukitoa kile ambacho vishimo vingekula hata hivyo. Ni hasara, sitakuficha. Lakini korido zitazunguka ua badala ya kupita gizani, vyumba vya mbele vitapata dirisha la barabarani na jingine la uani, hewa itapita, na mtoto akilia kwenye korido mama atamwona akiwa ng'ambo. Vyumba vya nyuma vitategemea ua pekee kama hutaacha nafasi mpakani, kwa hiyo nyuma uache walau mita moja na nusu. Pande mbili za majirani ni sawa ukuta uende hadi mpakani, bila madirisha. Usimwamini anayekuambia utoboe dirisha huko kwa kuwa jirani bado ana mabati. Jirani naye ana mtoto wa kiume, na mtoto ana kontrakta.

Ua wa mita 4 huangaza ghorofa nne vizuri kiasi na ya tano kwa shida. Hapo ndipo idadi inapoanza kujipanga yenyewe, lakini ngoja kwanza nimalize ya chini.

Mbele yako ni futi 40, mita 12 na kidogo. Maduka manane hayaingii hapo. Kontrakta amechora mawili au matatu barabarani na mengine ndani ya korido, na hayo ya ndani yatabaki stoo au kinyozi asiye na wateja. Gawa mbele mapande matatu ya mita 4 hivi, na mistari hiyo hiyo iwe ya nguzo na ya kuta za vyumba hadi juu. Mapande mawili yawe maduka kamili. La tatu ligawanywe: nusu lango na ngazi za wapangaji, nusu kibanda cha M-Pesa au duka la dawa. Mwanga wa mchana huingia ndani ya chumba kama mara mbili ya kimo cha uwazi wake, kwa hiyo duka lenye uwazi wa mbele wa kimo cha mita 3.5 lisizidi kina cha mita 7. Nyuma ya hapo ndipo paende vitu ambavyo kila ploti huvisahau: tangi la maji la chini, mapipa ya taka, mahali pa kufulia, mita za umeme, chumba cha mtunza ploti, na maegesho ya bodaboda.

Rudisha mbele ya maduka ndani kama mita moja na nusu hadi mbili, na ghorofa ya juu yake ije mbele ifunike. Hapo umepata baraza. Wateja hawatalowa, mama mboga atapata kivuli (atakuja tu, hata ukimkataza), na sauti ya dukani itakutana na slabu kabla haijafika dirishani mwako. Lakini baraza liwe ndani ya ploti yako. Ule mtindo wa ghorofa ya kwanza kutokeza hadi juu ya barabara umewaletea watu mambo mawili: nyaya za umeme zilizo karibu na roshani kiasi cha mkono, na tingatinga. Kwa kuwa unatazama magharibi, jua la jioni litapita chini ya baraza na kupiga rafu za duka. Duka la maziwa au la dawa litahitaji pazia la nje au shata ya vibapa.

Kuhusu kelele, watu hudhani sauti ya duka hupenya slabu. Slabu ya zege ya milimita 150 ina kilo kama 360 kwa kila mita mraba, na sauti za maongezi na redio hushindwa kuutikisa uzito huo. Sauti hutoka mlangoni mwa duka, hupanda ukutani, na kuingia dirishani. Ndiyo maana baraza husaidia. Besi ya muziki ni mnyama mwingine. Haipiti hewani tu, hushika nguzo yenyewe, na nguzo huipeleka hadi kwenye kitanda cha ghorofa ya tatu. Mashine ya kusaga unga hufanya hivyo hivyo. Hakuna pazia wala godoro litakalozuia. Kwa hiyo kuhusu mtu wa baa jibu langu ni fupi: hapana, hata akilipa mara mbili. Kodi yake nzuri utailipa kwa vyumba vilivyo wazi juu yake. Kuna kanuni za kitaifa za kelele za mwaka 2009 zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, lakini mwenye nyumba anayemshtaki mpangaji aliyemleta mwenyewe ana safari ndefu. Andika kwenye mkataba wa kila duka kile kinachoruhusiwa: chakula, dawa, nguo, saluni, vifaa vya shule. Karakana ya kuchomelea, baa, spika za ibada na kinu visiwemo. Hoteli ya chakula inakubalika endapo bomba la moshi litajengwa tangu sasa hadi juu ya paa, na mtego wa mafuta uwekwe kabla ya maji machafu kuingia kwenye bomba la pamoja.

Vyoo vya juu pia vipangwe vishuke juu ya eneo la nyuma, si juu ya maduka. Jengo moja nililolichora nikiwa bado kijana, mteja alisogeza choo mita mbili ili apate chumba zaidi, nami nikanyamaza. Chini yake palikuwa na duka la nafaka. Mwaka wa pili kiungo kimoja cha bomba kikalegea, na magunia ya maharagwe yakaota. Bado naliona duka lile nikishika kalamu.

Moto nitausema haraka kwa sababu sheria yake ni nyepesi. Ngazi za wapangaji zisishiriki mlango na duka lolote, na mlango wa nyuma wa duka usifungukie kwenye ngazi. Bodaboda isilale chini ya ngazi, kwa kuwa ikiwaka, njia pekee ya kutokea imekuwa bomba la moshi. Angalau dirisha moja la kila nyumba liwe na chuma kinachofunguka kwa ndani. Na lango likifungwa usiku, anayelala ndani awe anaweza kulifungua bila kumtafuta mtunza ploti.

Sasa idadi. Singejenga nane. Ningejenga maduka chini na ghorofa nne juu. Kontrakta hakukudanganya kwamba nane zina kodi zaidi, kwenye karatasi. Lakini ghorofa ya saba bila lifti ni kubeba mtungi wa gesi, mtoto na mitungi ya maji kwa ngazi zaidi ya mia, na vyumba hivyo ndivyo huhamwa kwanza. Lifti nayo ina bei, umeme na fundi wake. Kuna pia maji. Ghorofa nne zenye nyumba saba saba ni watu kama 70. Kwa lita 50 kila mmoja, ambazo si za anasa, ni lita 3,500 kwa siku, na mgao ukikaa siku tatu unahitaji zaidi ya lita 10,000 zilizohifadhiwa. Chini ya ardhi hilo linawezekana. Kwa ghorofa nane zilizojazwa hadi mpakani, zidisha mara mbili na ushee, kisha ujiulize bomba la maji taka la mtaa wenu, lililowekwa enzi za nyumba za chini, litapeleka wapi. Tangi la juu nalo lisikae popote. Lita 5,000 ni tani tano, mahali pake ni juu ya zile kuta za ngazi.

Kama fedha hazitoshi, kuna njia ya kati: jenga msingi na nguzo za jengo zima la maduka na ghorofa nne, umalize mbili, upangishe, kisha uendelee. Ubaya wake ni kwamba chuma kilichoachwa juu hushika kutu kisipofunikwa kwa zege jepesi, na wapangaji wataishi na vumbi la ujenzi. Lakini deni linakuwa dogo. Kinachokatazwa kabisa ni kinyume chake, yaani kuweka msingi wa mbili na kupandisha nne.

Idadi hiyo ninayokupa naitoa nikiwa mbali. Nikiwa sijaona udongo wako, anayeweza kuibadilisha ni mhandisi atakayechimba mashimo ya majaribio hadi mwamba au udongo mgumu, maana blakikotoni yote lazima itolewe. Mwambie mwanao aanze na mpimaji athibitishe bikoni, yaani alama za mipaka. Kisha msanifu aliyesajiliwa na bodi ya wasanifu na wakadiriaji, BORAQS, na mhandisi wa bodi ya wahandisi. Namba zao hukaguliwa mtandaoni. Kaunti itaangalia mchoro chini ya sheria ya mipango ya mwaka 2019, na kama ploti yako ni ya makazi pekee, maduka yatahitaji kubadilishiwa matumizi kwanza. NEMA na NCA, mamlaka ya ujenzi, wana masharti yao, na kontrakta mwenyewe anapaswa kuwa kwenye orodha ya NCA kwa kiwango cha jengo hilo. Kila zege likimwagwa, vitofali vya majaribio vichukuliwe na kuvunjwa maabara siku ya 7 na ya 28. Kontrakta akikuambia hayo ni ya majengo ya mjini tu, umeshamjua.

Magoti. Kaa ghorofa ya kwanza, upande wa nyuma, mlango ukitazama ua. Ngazi zako zitakuwa kama ishirini tu, ukizitaka za kukanyaga fupi, kimo cha sentimita 17 kila moja, na reli pande zote mbili. Mwombe msanifu aweke kituo cha kupumzika katikati. Barabara hutaisikia sana huko nyuma, na wanaoingia na kutoka utawaona wote bila kuinuka kitini. Nyumba ya mbele, juu ya duka, mpe kijana anayetoka asubuhi na kurudi usiku, yeye hatasumbuliwa na honi.

Ila mhandisi aanze na ufa. Ukimpata, mpe tarehe ulizoandika kwa penseli.